Hakuna Saa Iliyofichwa Chini ya Boneti

Kama kuna hukumu ambayo wenye magari wameitoa bila kusikiliza upande wa pili, ni hii: viwanda huunda magari yafe mara tu waranti inapokwisha. Iseme kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, hutapata mbishi hata mmoja. Fundi ataitikia kwa kichwa, dereva wa teksi ataongeza kisa cha shemeji yake, na mhasibu wa ofisi iliyonunua gari jipya la shorumu atakutolea ankara: gari limetimiza miaka 3 mwezi wa tatu, gia boksi imekufa mwezi wa tano. Unataka ushahidi gani tena?

Nautaka, kwa sababu ankara ya mhasibu inathibitisha kwamba gia boksi imekufa, basi. Haisemi nani aliiua wala alianza lini kuiua. Na imani hii, pamoja na ukali wake wote dhidi ya viwanda, imeviokoa viwanda hivyo. Anayetafuta bomu la saa hapati muda wa kukifungua kitabu cha gari, na ndani ya kitabu hicho kuna mambo ya kumkasirisha kweli.

Tuanze na hesabu. Vipande vya aina moja vilivyotoka kiwandani siku moja havifi siku moja. Chukua pampu za maji, tuseme 100. Moja itavuja mwaka wa 3, mbili mwaka wa 4, nne mwaka wa 5, nyingi zitakufa kati ya mwaka wa 9 na wa 13, na chache zitaendelea kuzunguka hadi wenyewe wazichoke. Gari moja linapanda mlima wa Sekenke na mzigo mgongoni, jingine linampeleka mtoto shule Oysterbay na kurudi. Moja linakula chumvi ya bahari Mombasa, jingine linalala kwenye baridi ya Njombe. Hakuna mhandisi anayeweza kuziamuru pampu zote hizo zife mwezi wa 37.

Sasa mfikirie mtengenezaji mwenye nia hiyo mbaya. Akiufanya mwezi wa 37 kuwa wastani wa uhai wa pampu, karibu nusu zitakufa kabla ya tarehe, naye ndiye atakayezilipia. Akitaka zinazofia ndani ya waranti ziwe chache za kuvumilika, itambidi ausogeze wastani mbali, mara mbili au tatu ya muda aliouahidi. Hofu ya bili za waranti inamsukuma afanye kinyume kabisa cha anachotuhumiwa nacho. Na hapo hapo tazama tena zile pampu: za mwaka wa 4 ni nyingi kuliko za mwaka wa 3. Ndivyo itakavyokuwa kwa kitu chochote kinachochakaa, waranti iwepo isiwepo. Za mwaka wa 5 ni nyingi zaidi, ila hakuna anayezisimulia kwa sababu haziko jirani na tarehe inayouma.

Kusimulia nako kuna upendeleo wake. Mtu aliyebadilishiwa kompresa ya AC mwezi wa 30 bila kulipa senti huchukua funguo zake jioni akaenda zake. Hana kisa. Aliyeharibikiwa na kompresa ile ile mwezi wa 38 atakieleza ofisini, msibani na kwenye kikao cha harusi ya mtu asiyemjua vizuri. Baada ya miaka kumi ya masimulizi ya namna hiyo, nani atakayeamini kwamba mwezi wa 30 uliwahi kuwepo?

Ajabu zaidi ni kwamba imani hii imeshamiri katika nchi ambazo barabara zake zinaikanusha kila asubuhi. Magari mengi ya watu binafsi hapa kwetu yamekuja yakiwa yametumika Japani. Huko waranti ya kawaida ya gari jipya ni miaka 3 au kilomita 60,000, na ya sehemu kuu kama injini na gia boksi ni miaka 5 au kilomita 100,000. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia. Tanzania inaruhusu, ila inakutoza ushuru wa uchakavu. Maana yake, sehemu kubwa ya magari haya hupanda meli Yokohama au Nagoya waranti ikiwa imekwisha kuzikwa. Toyota IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007. Hata ile ya mwisho kabisa, waranti yake ndefu ilikwisha mwaka 2012. Simama Mwenge, Dar es Salaam, saa moja asubuhi uhesabu ngapi zinapita na abiria ndani. Kama kulikuwa na saa iliyofichwa chini ya boneti, mafundi walioitega walikuwa wabovu wa kutupwa.

Najua jibu: zile ni za zamani, za siku hizi ni plastiki na kompyuta. Kuna chembe ya ukweli humo. Injini ndogo yenye taabo hufanya kazi kwa joto na shinikizo kubwa kuliko injini ya zamani ya ukubwa mara mbili, na kifaa cha umeme kikifa hakishonwi wala hakichomelewi. Bili ya mara moja imekuwa kubwa. Lakini bili kubwa ni jambo moja na kufa haraka ni jingine. Marekani, ambako takwimu za magari hutunzwa vizuri, wastani wa umri wa gari lililoko barabarani umepita miaka 12 na bado unapanda. Mwaka 1960 kampuni za huko zilikuwa zikitoa dhamana ya siku 90 au maili 4,000, kama kilomita 6,400. Kisha zikaja za mwaka mmoja na maili 12,000, na Chrysler ikaushtua ushindani kwa magari yake ya mwaka 1963: miaka 5 au maili 50,000 kwa injini na mfumo wa kuendesha magurudumu. Hakuna aliyeamua uhai wa gari kwa kuitazama kalenda ya waranti. Waranti ndiyo iliyokuwa ikirefushwa na kufupishwa kadiri watu wa mauzo walivyohitaji wateja na wahasibu walivyoogopa gharama.

Kesi iliyo wazi kuliko zote ni ya Hyundai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jina lake lilikuwa chini sana Marekani. Wanunuzi waliyacheka magari yake. Mwaka 1998 ikatangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia boksi. Ahadi hiyo iliwekwa ili mnunuzi aache kuogopa, na ilifanya kazi. Baadaye zikaja injini za familia ya Theta II, za lita 2.0 na 2.4, zilizoachwa na mabaki ya chuma kiwandani yakaziba njia za oili. Beringi za kranki zikaungua, injini zikagoma barabarani, na kuanzia mwaka 2015 kampuni ikalazimika kuyaita magari yarudi kwa makundi makubwa. Hyundai na ndugu yake Kia zilitenga mabilioni ya dola kulipia fedheha hiyo. Injini nyingi zilikufa ndani ya waranti. Kiwanda kinachosadikiwa kuwa na ustadi wa kuua gari siku moja baada ya mkataba kilishindwa kulizuia lisife mkataba ungali hai.

Wapo wasomi kidogo watakaoniletea balbu. Ni kweli: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme walikutana Geneva, wakaunda umoja wao wa Phoebus na kukubaliana balbu isizidi saa 1,000, na aliyezidisha akapigwa faini. Lakini soma masharti yenyewe. Ili njama ile isimame ilihitaji karibu kila mtengenezaji awe ndani, maabara ya kupima na faini ya kumtia adabu msaliti. Kwenye magari msaliti yupo, na amekuwa akiuza vizuri kuliko wote: Toyota imejijengea jina Afrika nzima kwa sifa moja tu, kwamba haifi. Njama ambayo mwenye soko kubwa hanufaiki nayo ni njama ya nani?

Hadi hapa mawakala wa magari watakuwa wananipigia makofi. Wasubiri.

Ukifuta bomu la saa, kinachobaki ni kibaya zaidi kwa sababu kimeandikwa waziwazi, na kimeandikwa na wao. Chukua oili ya gia boksi. Kwa miaka mingi BMW imewaambia wateja wake kwamba oili ya gia boksi ya otomatiki ni ya maisha yote, haibadilishwi. Gia boksi nyingi za magari hayo hutengenezwa na kampuni nyingine ya Kijerumani, ZF. Nenda kwa ZF yenyewe uwaulize kuhusu oili hiyo hiyo: wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka 8. Aliyeunda kifaa anasema badilisha. Aliyekiuza ndani ya gari anasema usiguse. Mbona wanatofautiana? Kwa sababu muuzaji wa gari anashindania gharama ndogo ya sevisi kwenye vijarida vya mauzo na kwenye hesabu za makampuni yanayokodi magari kwa miaka 3. Kila sevisi inayofutwa kitabuni inafanya gari lionekane rahisi kulimiliki. Mwenye gari wa kwanza anafaidi. Wa pili, ambaye mara nyingi ni mimi na wewe, anaipokea gia boksi yenye oili nyeusi kama lami na anaambiwa gari lina bahati mbaya.

Hapa simwoni mtu aliyepanga kifo. Namwona mtu aliyejua kwamba kifo kitakuja na akaridhika kwamba kitamkuta mwingine. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko bomu, na linathibitika kwa karatasi.

Gia boksi za CVT za Nissan nazo zina hadithi ya kusikitisha yenye pande mbili. Mwaka 2010 kampuni iliongeza waranti ya CVT zake Amerika Kaskazini, kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Kampuni hairefushi waranti kwa ukarimu, ilikuwa inajua. Mwenye Murano wa Texas alitengenezewa. Murano iliyofika bandari ya Mombasa ikitokea Japani haikuwa na wa kuitetea, na mwenye nayo akaambiwa na mtaa mzima, "Nissan ndivyo zilivyo." Upande wa pili ni wetu. CVT ina oili yake maalumu, na Nissan inaitaja kwa jina, NS-2 au NS-3 kutegemea gari. Fundi wa chini ya mwembe anachota ATF ya kawaida kwenye dumu, anajaza, na mkanda wa chuma ulio ndani unaanza kuteleza kwenye puli zake. Miezi michache baadaye gari haliendi. Nani analaumiwa? Mjapani, eti alijua anachokiuza.

Harrier nayo. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4 iliyomo kwenye Harrier nyingi, na pia kwenye Alphard na Estima, inajulikana na mafundi wetu kwa kula oili. Ringi za pistoni na vitundu vya kurudishia oili huziba masizi, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Marekani, Toyota ilikubali kuwatengenezea wenye Camry za mwaka 2007 hadi 2009 zenye injini hiyo, hadi miaka 10 au maili 150,000, kama gari lilishindwa mtihani wa unywaji wa oili. Lakini msaada huo haukuja wenyewe. Ulitanguliwa na malalamiko mengi na kesi mahakamani. Kabla yake wateja walisikia wimbo ambao kila mwenye gari anaujua: kiasi hicho cha oili ni cha kawaida, endelea kuongeza. Wimbo huo ukiimbwa vizuri kuanzia mwezi wa 20 hadi wa 36, waranti inakwisha yenyewe bila mtu kutega chochote.

Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilishaisikiliza kesi ya aina hiyo. Ford iliuza Fiesta, Focus na EcoSport zenye gia boksi ya PowerShift, ambazo zilitetemeka wakati wa kuondoka. Wenye magari walipolalamika, wengine waliambiwa kwamba mtetemo unatokana na namna wanavyoendesha. Kampuni ilikuwa inajua tangu Mei 2015 kwamba tatizo ni la ubora wa gia boksi. Mwaka 2018 ikaamriwa kulipa faini ya dola milioni 10 za Australia. Hiyo ndiyo namna uharibifu wa ndani ya waranti unavyogeuzwa kuwa wa nje ya waranti: kwa kumfanya mteja aamini kwamba kosa ni lake, mpaka tarehe ipite.

Sasa linganisha mteja wa aina mbili mbele ya wimbo huo. Anayeamini bomu la saa akiambiwa "ni kawaida" anaondoka akinung'unika. Ameshakata tamaa kabla ya kuingia, maana mfumo mzima ni njama na njama haishtakiwi. Asiyeamini anadai malalamiko yake yaandikwe kwenye karatasi ya kazi, kwa tarehe na kilomita, na anaondoka na nakala. Gia boksi ikivunjika mwezi wa 40, ana ushahidi kwamba ilianza kulia mwezi wa 28, na kisheria kesi yake ni nyingine kabisa. Wakala atamwambia waranti imekwisha, kana kwamba waranti ndiyo sheria ya nchi. Si kweli. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza, zinamtaka muuzaji wa bidhaa za aina hiyo atoe kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa na kinachofaa kwa kazi yake, na Kenya ina juu yake Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012. Hakuna mahali zinaposema ubora unaofaa ni wa miezi 36. Uingereza kwenyewe mnunuzi anaweza kudai kwa kasoro iliyokuwemo tangu mwanzo hadi miaka 6, bila kujali kijitabu cha kiwanda kinasema nini. Hapa kwetu kesi za namna hiyo ni za kutafuta kwa tochi, na sababu mojawapo ni kwamba watu wameshahitimisha nyumbani kwamba siku ya waranti kuisha ndiyo siku ya haki kuisha.

Wenye magari nao wana lao, ila sitalikalia sana kwa sababu wanalisikia vya kutosha. Gari likiwa na waranti linapelekwa sevisi kwa wakala kila muda unapofika, kwa kuogopa kupoteza dhamana. Mwezi wa 37 linahamia mtaani: oili ya bei nafuu, chujio la kuoshwa, maji ya bomba kwenye rejeta. Wakati huo huo shokapu, bushi, plagi na betri vinafikia umri wa kubadilishwa pamoja, vingine vikiwa vitu ambavyo waranti haikuvihesabu hata siku ya kwanza.

Madhara makubwa ya imani hii hayako kwenye mfuko wa mwenye gari. Yako kwenye usukani. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata ilitumia amonia naitreti kama baruti ya kuifurisha. Joto na unyevu vikiishambulia kwa miaka mingi, baruti hiyo huharibika, na siku ya ajali chombo chake hupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu wamekufa hivyo katika nchi kadhaa, wengine kwenye ajali ndogo za kutembea nazo nyumbani. Takata ilifilisika mwaka 2017. Honda, Toyota, Nissan na wengine waliyaita mamilioni ya magari yarudi, yakiwemo ya soko la Japani, zikiwemo Corolla na Honda Fit za aina tunazoziona kila kona. Joto na unyevu wa miaka mingi: hiyo ni Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja.

Kasoro hiyo hujitokeza muda mrefu baada ya waranti yoyote kumalizika. Kwa mantiki ya mtaani, basi, mwenye gari hana anachodai. Waranti ilishakufa na Mjapani ameshatuweza. Lakini kuitwa kwa gari kwa sababu ya usalama hakufungwi na tarehe ya waranti, na kampuni za Japani zina kurasa ambazo mtu huingiza nambari ya chasisi na kuona kama gari lake limo. Nambari hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kuitumia hakuhitaji fundi wala wakili. Mwagizaji aliyekuuzia gari angeweza kuiingiza kabla ya kulipakia melini, na Tume ya Ushindani Tanzania na mamlaka za ubora za Kenya zingeweza kumlazimisha afanye hivyo kwa kila gari linaloshushwa. Hilo tungelidai kwa hasira ile ile tunayoimwagia saa isiyokuwepo, wangelikataa kwa hoja gani?